Swali la lugha: Kisiwa "kilichobadilisha mikono"

SWALI: Nimeandika makala kuhusu Saint Lucia, kisiwa kidogo cha Karibi, na humo nikasema: "Saint Lucia ilibadilisha mikono mara 14 kati ya Ufaransa na Uingereza." Mhariri ameikataa sentensi hiyo. Kosa ni nini? Na je, ni "ilibadilisha" au "kilibadilisha"? (Mwalimu wa historia, Tanga)

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, mwalimu. Anayebadilisha mikono ni mtu aliyebeba ndoo, mkono mmoja ukichoka anashika kwa mwingine. Kisiwa huwa mikononi mwa mtu. Sema "kilitoka mikononi mwa Wafaransa kikaingia mikononi mwa Waingereza". Na ni "mwa", si "mikononi ya", ninayoisoma magazetini kila wiki.

Ukitaka kwa ufupi, "walinyang'anyana" inafaa. Usiseme "walipokezana", maana wanaopokezana wamepatana zamu, na hawa walipigana.

Lakini si mara zote 14 zilikuwa za kunyang'anyana. Mwaka 1763, na tena 1783, Waingereza walikirudisha kisiwa kwa Wafaransa kwa mkataba, hapo "kilirudishwa". Mei 1796 "kilitekwa", baada ya mapigano makali ya Morne Fortune, kilima kilicho juu ya mji wa Castries. Mwaka 1814, kwa Mkataba wa Paris, "kilikabidhiwa" Uingereza.

Mimi naona hapa ndipo penye uzito. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1794, na wengi waliopigana upande wa Wafaransa pale Morne Fortune walikuwa watu weusi waliotoka utumwani. Waliposhindwa, mamia yao, pamoja na wanawake na watoto, walisafirishwa wakiwa mateka wa vita hadi ngome ya Portchester, kusini mwa Uingereza. "Kilitekwa" inamfanya msomaji aulize nani aliteka na nani alitekwa. "Kilibadilisha mikono" haimfikishi kwa watu hao kabisa.

Kuhusu upatanisho: "Saint Lucia ilitekwa", kwa kuwa ni nchi, "kisiwa cha Saint Lucia kilitekwa", kwa kuwa neno kisiwa limetajwa. Zote sawa, ila usizichanganye katika sentensi moja.

Ningeiandika hivi: "Wafaransa na Waingereza waliigombania Saint Lucia kwa vita na mikataba, hadi ilipokabidhiwa Uingereza mwaka 1814. Ilipata uhuru mwaka 1979."