Boksi za urembo za kila mwezi: wanakuchagulia wewe kweli?

Nusu tu, yaya. Hizo ni boksi za sampuli za vipodozi: unalipia, kampuni inakutumia kila mwezi, na inasema imekuchagulia vinavyokufaa. Yale maswali ya kujiandikisha (ngozi kavu au ya mafuta, rangi yako, nywele) yanakuingiza kwenye kundi, na kundi zima linagawiwa sampuli ambazo makampuni yametoa mwezi ule. Kampuni ya Birchbox walianza biashara hiyo New York mwaka 2010. Wenzao wa Ipsy wanatuma vitu 5, na siku hizi unaweza kujichagulia walau kimoja.

Dada yangu yuko Brussels, alijiunga na boksi nyingine: aliandika nywele za kipilipili, akaletewa shampuu ya nywele nyembamba! Mama anayeuza poda pale Birere, sokoni Goma, yeye anakuangalia uso kwanza. Ila ukijaza alama za vitu ulivyopenda, miezi inayofuata hao wa boksi wanakaribia kidogo kile unachopenda.