Kikoa cha mtu kinafungua tovuti yangu. Nimedukuliwa?

Swali: Nauza vipuri vya pikipiki Kondele, Kisumu. Tovuti ya duka iko kwenye seva ya kukodi niliyohamia mwaka jana. Mteja amenionyesha kikoa (jina la tovuti) nisichokijua, na ukikifungua unaona duka langu, picha na bei zile zile. Fundi anasema seva imedukuliwa, anataka shilingi elfu nane aisafishe. Nimlipe?

Jibu: Usimlipe kitu, kaka. Andika nslookup na jina hilo kwenye dirisha la amri la kompyuta. Likileta anwani ya IP ya seva yako, yaani namba yake mtandaoni, tovuti kufunguka kwa jina hilo si dalili ya udukuzi. Mwenye kikoa ameandika tu rekodi ya A, ile inayounganisha jina na anwani ya IP, ikaelekeza kwako. Likileta anwani nyingine, huenda mtu amenakili tovuti yako, na hilo ni shauri jingine.

Hawa wanaoita udukuzi kila wasichokielewa, kisha wakakitoza, wananichosha. DNS, mfumo unaogeuza majina ya vikoa kuwa anwani za IP, haina ruhusa ya kuombwa. Tangu ilipobuniwa mwaka 1983, mwenye kikoa huandika anwani aitakayo, na mwenye anwani haulizwi. Ni kama mtu kusimamisha kibao njiani kikisema duka lake liko kwako: mlango wako hajaugusa. Fundi hata akifuta seva yote na kuiweka upya, kibao kitabaki palepale.

Dawa unayo wewe. Kivinjari kikifika kwenye seva hutaja jina kinalotafuta, na seva isiyolijua jina hilo kwa kawaida hutoa tovuti ya kwanza kwenye orodha yake, ambayo ni yako. Weka ukurasa mtupu uwe wa kwanza, duka lijibu kwa jina lake pekee. Kwenye Nginx, programu ya kuendesha tovuti kwenye seva, ni mistari michache tu.

Mwenye kikoa huenda hana nia mbaya. Mpangaji wa seva akitoka, anwani yake hupewa mwingine, na yawezekana yeye alikuwa hapo kabla yako akaondoka bila kufuta rekodi. Mwandikie kwa upole aiondoe.

Nawe je, rekodi zinazoelekeza kwenye seva yako ya zamani ulizifuta? Kuna mafundi wanaowaambia watu, "Iache tu, haina shida." Ina shida kubwa. Aliyepewa anwani uliyoiacha anaweza kuomba cheti cha usalama kwa jina lako, kwa mtoaji wa vyeti kama Let's Encrypt, bila malipo, na akapewa, kwa kuwa jina linaelekea kwake naye ndiye anayejibu. Kisha anaweka ukurasa unaofanana na wako, alama ya kufuli ikionekana, na wateja wanamwachia nywila zao. Rekodi ya CNAME, inayoelekeza jina kwenye jina jingine badala ya anwani, ikibaki kwenye huduma uliyoifunga inaweza kuwa mbaya zaidi: kwenye baadhi ya huduma, mtu anajisajili tu na kulichukua jina uliloliacha.

Wenye vikoa wote, kuanzia Nakuru hadi Busia: mnapohama, badilisheni au futeni rekodi kwanza, subirini upite muda ambao rekodi ya zamani hukumbukwa mtandaoni, mara nyingi sekunde 3600, ndipo muiache seva. Msielekeze jina kwenye seva ya mtu bila kumwambia, hata kwa majaribio, hata akiwa rafiki. Ndiye atakayepokea wageni wenu. Na fundi akiwakabidhi tovuti, daini orodha ya rekodi zote na nywila ya akaunti ya kikoa. Akikataa, tafuteni mwingine.