Plagini haijui kikwembe

Mama mmoja wa Kamalondo alinirudishia albamu ya harusi ya binti yake. Hakuja kwa ugomvi. Aliifungua katikati, akaweka kidole kifuani pake mwenyewe kwenye picha, akasema: "Papa, sura iko yangu. Lakini hii kikwembe haiko yangu."

Alisema kweli. Siku ya harusi alivaa waksi ya rangi ya tofali lililoiva, yenye vidoti vya manjano vilivyopangana kama punje za mahindi. Kwenye albamu yangu vidoti vilikuwa vimeyeyuka na kitambaa kimekuwa kama udongo uliopigwa mwiko. Uso ulikuwa laini, na hilo ndilo nililolitaka. Kumbe plagini (programu ndogo unayoiongeza kwenye programu ya picha kama Photoshop) ya kulainisha ngozi ililainisha mpaka nguo, na nilikuwa nimeipitisha kwenye picha 61 kwa mkupuo, mimi nimekaa pembeni nakula bukari.

Nimeishi kwa kazi ya picha hapa Lubumbashi miaka 11, na pesa nilizopotezea kwenye plagini zingeninunulia lenzi nzuri. Vijana wanaoanza huniuliza kila mara: "Mukubwa, unatumia plagini gani?" Swali hilo si baya, ila huwa najibu lingine: plagini hiyo inakisia vipi? Maana zote zinakisia.

Chukua hiyo ya ngozi. Haijui ngozi ni nini. Inachukua eneo fulani la rangi, tuseme kuanzia kahawia hadi chungwa, na chochote kilichomo humo inakiita ngozi. Sasa fikiria mji wetu: udongo mwekundu, nyumba za matofali ya kuchoma, vumbi la mwezi wa nane juu ya kila kitu, bikwembe vya rangi ya shaba. Nusu ya picha inahesabiwa kuwa uso wa mtu. Nilipozipitia tena zile picha 61 nilimkuta bwana harusi amesimama mbele ya ukuta wa matofali usio na mistari ya saruji. Ukuta mzima ulikuwa laini kama shavu la mtoto.

Dawa ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Plagini nyingi za aina hii zina kitufe cha kuonyesha maski: picha inageuka nyeupe na nyeusi, penye weupe ndipo itakapofanya kazi, penye weusi itapaacha. Kitufe hicho sikuwahi kukibonyeza, kwa sababu picha iliyotokea ilikuwa inanipendeza usoni, na mimi nilikuwa natazama uso tu. Siku hizi nakibonyeza kwanza. Nachukua kidondoshi cha rangi, naonja shavu lililoko kivulini, kisha paji lililopigwa na jua, halafu nalibana lile eneo la rangi mpaka nguo iwe nyeusi. Nguo ikikataa kutoka, matokeo nayaweka kwenye leya yake, yaani tabaka lake juu ya picha, naongeza maski, na kwa brashi nyeusi nairudisha nguo kwa mkono. Dakika mbili. Mwisho nashusha nguvu ya leya hadi asilimia 40 hivi, kwa sababu ngozi isiyo na vitundu hata kimoja ni ya mwanasesere wa dukani.

Kuna kosa jingine nililofanya siku ile, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikuwa nimeunganisha leya zote kuwa moja na kuhifadhi JPEG, faili ya mwisho isiyo na leya. Hapakuwa na pa kurudi isipokuwa kwenye RAW, faili ghafi za kamera, kazi ya siku nne. Menyu za kompyuta nyingi hapa kwetu ziko kwa Kifaransa, basi nitazitaja hivyo: kwenye Photoshop, kabla ya kufungua plagini yoyote, nenda Filtre, chagua Convertir pour les filtres dynamiques. Ukifanya hivyo plagini inakaa juu ya picha kama shuka juu ya kitanda. Kesho ukiibofya mara mbili inafunguka na vipimo vile vile, unapunguza au unaiondoa kabisa. Kuna plagini zisizokubali utaratibu huo. Kwa hizo, Ctrl+J kwanza, uwe na nakala ya leya, ndipo uguse.

Za kuondoa chenga nazo ni wakisiaji. Ukipiga ukumbini usiku kwa ISO 6400, yaani kamera imeongezewa sana usikivu wa mwanga, chenga zinajaa, na plagini inatafuta vidoa vidogo vidogo vilivyotawanyika bila mpangilio. Nywele fupi za mwanamume wa kwetu zinafanana sana na maelezo hayo. Nimewahi kutoa picha ya wajomba watano, kila mmoja na kichwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Kwa hiyo ukijaribu plagini ya chenga, usitazame ukuta wa nyuma, ambao utakuwa safi siku zote. Tazama nywele, nyusi, na misuko ya akina dada.

Na ile ya kuondoa mikwaruzo kwenye picha za zamani niliacha kuitumia usoni. Watu huniletea picha za mababu waliofanya kazi Union Minière, kampuni ya zamani ya migodi ya shaba, karatasi zimechakaa, zimekunjwa mara nne. Plagini inafuta mistari myembamba kwa haraka ya ajabu. Mzee mmoja alikuwa na chale kwenye paji la uso. Ilizifuta pia. Bahati nzuri mjukuu wake alikuwa amekaa nyuma yangu, akanishika bega.

Basi kuchagua. Mimi nina folda yenye picha tatu tu: yule mama mbele ya ukuta wa matofali (ndiyo, niliihifadhi), kijana mweusi tii mwenye suti nyeupe juani saa sita mchana, na picha ya ukumbini chini ya taa za zambarau. Kila plagini mpya inapita hapo. Mifano ya kwenye tovuti za wauzaji imechaguliwa na wauzaji, mara nyingi ni ngozi nyeupe karibu na dirisha, na hapo hata plagini mbovu hung'ara. Kampuni nyingi hukupa siku kadhaa za kujaribu bure. Usizianze wakati huna kazi. Anza wakati wa kiangazi harusi zikiwa mfululizo, uone kama unaifungua kweli au umeisahau kufikia wiki ya pili. Zangu nne nilizisahau.

Kabla ya hapo lakini, hakikisha programu uliyo nayo haifanyi kazi hiyo tayari. Lightroom Classic, programu ya kupanga na kusafisha picha, kwa mfano, ina uondoaji wake wa chenga kwa akili bandia tangu Aprili 2023. Nina rafiki aliyelipia plagini ya chenga mwaka uliofuata, na akaijua habari hiyo kutoka kwangu, tukiwa tunakunywa chai. Chai ilipoa.

Pima pia mashine yako. Laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 8, na plagini moja ya akili bandia ilichukua dakika sita kwa picha. Harusi ya picha 400 ni saa 40, na umeme wetu hausubiri saa 40. Sasa naitumia kwa picha kumi za albamu, basi. Diski nayo inaumia: Lightroom ikituma picha kwenye plagini ya nje hutengeneza nakala, kwa kawaida TIFF, faili kubwa kuliko JPEG. Picha ya megapikseli 24 kwa biti 16 inafika megabaiti 144 isipobanwa. Zidisha kwa 400, ni karibu gigabaiti 58 kwa harusi moja.

Kuhusu pesa, usiipe plagini moja mkono wako wote. Nik Collection, fungu la plagini ambalo Silver Efex yake ya nyeusi na nyeupe wengi tumeipenda, ilikuwa ya kulipia. Google ikainunua kampuni yake mwaka 2012, Machi 2016 ikaitoa bure, na Oktoba 2017 DxO ya Ufaransa ikaichukua, matoleo mapya yakawa ya kulipia tena. Aliyekuwa anajua kugeuza rangi kuwa nyeusi na nyeupe kwa mkono hakutikisika. Wengine walihangaika.

Asiye na dola achukue GIMP, programu ya kuhariri picha kama Photoshop, aongeze plagini ya G'MIC. Zote ni bure na halali. G'MIC inatoka maabara ya GREYC ya Caen, Ufaransa, imekuwapo tangu 2008, na ina vichujio zaidi ya 500. Vingi ni vya mchezo, lakini vya kutengeneza na kusafisha picha vinafanya kazi ya kweli. Angalia tu toleo: GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, na plagini zilizoandikwa kwa 2.10 hazifanyi kazi humo mpaka ziandikwe upya. Photoshop ya biti 64 vilevile haisomi plagini za biti 32, kwa hiyo ukipewa folda ya zamani na hakuna kinachotokea kwenye menyu, usidhani umekosea kuiweka.

Flashi za kuuzwa mitaani zenye "plagini zote 200" nilizinunua mara moja. Zilikuwa na virusi: folda zangu zote ziligeuka njia za mkato, na picha za ubatizo wa mtoto wa jirani nikaziokoa kwenye kadi ya kamera, ambayo kwa rehema ya Mungu sikuwa nimeifuta. Na kama umeweka kitu Photoshop ikakataa kufunguka, ifungue tena huku umeshika Shift. Itakuuliza kama iziruke plagini za nje. Kubali, kisha toa moja moja hadi umpate mkorofi.

Albamu ya mama wa Kamalondo niliichapisha upya kwa gharama yangu. Alitazama vidoti kwanza, akavipitishia ukucha. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumpunguza tumbo kidogo. Hiyo haihitaji plagini: Photoshop inayo yenyewe, Filtre, halafu Fluidité.