Kabla ya Kumsoma Afisa, Hesabu Farasi Wake

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa historia ya vita, karibuni. Wengi wenu mnaniambia mnataka kuandika maisha ya askari mmoja, nami nilianzia hapo hapo. Wangu alikuwa John Pelham, mzaliwa wa Alabama, 1838. Aliacha chuo cha kijeshi cha West Point wiki chache kabla ya kuhitimu, akaenda kuongoza mizinga ya farasi ya Jenerali J.E.B. Stuart upande wa Kusini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Sura yangu ya kwanza yote ilikuwa mapigano ya Fredericksburg, mji wa jimbo la Virginia. Tarehe 13 Desemba 1862, ukungu ulipoanza kuinuka, Pelham alipeleka mizinga miwili mbele kabisa ya wenzake, ubavuni mwa divisheni ya George Meade, jenerali wa Kaskazini. Mmoja uliharibiwa mapema. Uliobaki, wa shaba nyeusi, ule walioita Napoleon, ukapiga, ukahamishwa, ukapiga tena, karibu saa nzima, huku mizinga mingi ya Kaskazini ikiutafuta. Aliambiwa arudi, akabaki mpaka risasi zilipokaribia kwisha. Kijana wa miaka 24! Niliandika kurasa 30 moyo ukinidunda. Mwalimu wangu alizirudisha na swali moja la penseli pembeni: "Nani alikuwa ameshika farasi?"

Sikuwa na jibu, na kulitafuta kulinifunza kazi hii.

Katika mizinga ya kawaida ya uwanjani, wapigaji walitembea kwa miguu au walikaa juu ya masanduku ya risasi. Katika mizinga ya farasi kila mtu alipanda farasi wake, ili waweze kufuatana na askari wapanda farasi popote. Mzinga wenyewe ulivutwa na farasi sita, wawili wawili, na waendeshaji watatu, kila mmoja juu ya farasi wa kushoto. Gari la risasi lilikuwa na sita wengine. Wapigaji wakishuka, baadhi yao hawagusi mzinga kabisa; kazi yao ni kushika hatamu za wenzao. Basi ule "mzinga mmoja" niliousifu ulihitaji farasi zaidi ya 20. Mfikirie huyo mshika hatamu: amesimama wima katikati ya wanyama wanaoruka kwa woga, mikono yote miwili imeshikwa, makombora yanaanguka jirani, na akiwaachia tu, mzinga hauondoki tena pale.

Halafu farasi wanakula. Kanuni za jeshi la Kaskazini zilimpa farasi mmoja takriban kilo 5.4 za nafaka na kilo 6.4 za nyasi kavu kwa siku. Kwa farasi 12 wa kuvuta peke yao, hiyo ni kama kilo 65 za nafaka kila siku. Majira yale ya baridi, malisho karibu na mto Rappahannock, unaopita Fredericksburg, yalikuwa yamekwisha, na Robert E. Lee, jenerali aliyeongoza jeshi la Kusini pale, akalazimika kupeleka sehemu kubwa ya mizinga yake nyuma, ambako wanyama wangepata chakula. Kwa hiyo someni karatasi za ugavi. Taarifa rasmi za vita ile, juzuu 128 zilizochapishwa na serikali ya Marekani kati ya 1880 na 1901, ni hazina kubwa, lakini makamanda waliandika wakijua wakubwa wao watasoma. Hati ya kupokea mahindi haina haja ya kumsifu mtu.

Na msiache kuuliza alipigania nini. Pelham alitoka familia iliyomiliki watumwa, na ushujaa wake ulitumikia upande uliotaka utumwa uendelee. Nawasihi mliandike hilo mapema, ndani ya maandishi yenyewe, msilitupe kwenye tanbihi. Sisi wa pwani lilitufikia hata mwilini: merikani waliyovaa babu zetu ilifumwa Massachusetts, jimbo la Kaskazini, kwa pamba ya mashamba ya watumwa wa Kusini, ikaletwa Unguja kwa meli za Salem, bandari ya jimbo hilo, na vita vilipokata pamba kitambaa kile kikaadimika.

Kuhusu kifo chake nitasema kidogo. Tarehe 17 Machi 1863, huko Kelly's Ford, kivuko cha mto uleule wa Rappahannock, Pelham hakuwa na mizinga yake. Aliazima farasi, akaingia katika shambulio la wapanda farasi, na kipande kidogo cha kombora kikampiga kisogoni. Wenzake walidhani amekufa. Wakamlaza kifudifudi juu ya farasi, kichwa upande huu, miguu upande ule, farasi akaongozwa taratibu kutoka uwanjani. Baada ya mwendo mrefu ndipo ilipogundulika kwamba bado anapumua. Alifariki usiku huo.

Sura ile nimeiandika upya, na inaanza na farasi huyo na mkono ulioshika hatamu zake.