Swali la Lugha: Je, plastiki hiyo “inazuia umeme”?

Msomaji anayeandaa ripoti za maabara anauliza: “Tunapima trei na mifuko ya plastiki ya kubebea vipuri vya elektroniki vinavyoharibiwa na umeme tuli. Wenzangu huandika ‘plastiki inayozuia umeme’ kwa aina zote. Je, ni sahihi?”

Si sahihi, na kosa lenyewe si dogo. Kitenzi kuzuia kikifuatwa na neno umeme humwambia msomaji kwamba umeme haupiti, yaani kitu hicho ni kihami kama lilivyo ganda la waya. Trei nzuri ya vipuri hufanya kinyume: huiruhusu chaji, yaani umeme uliokusanyika, isafiri hadi ardhini badala ya kubaki juu ya uso wake. Polietilini ya kawaida huzuia umeme barabara, na kwa sababu hiyohiyo ni hatari kwa vipuri hivyo, kwani chaji iliyotokana na msuguano hukaa papo hapo kwa muda mrefu. Anayesoma maneno hayo kwenye lebo anaweza kuchagua kile hasa alichokusudia kukiepuka.

Nashauri kitenzi kifuate kipimo. Katika kiwango cha kimataifa cha vifungashio, IEC 61340-5-3, plastiki yenye ukinzani wa uso (kiasi ambacho uso wake hupinga umeme kupita, kinachopimwa kwa omu) ulio chini ya omu 10,000 huhesabiwa kuwa inapitisha umeme. Kuanzia hapo hadi chini ya omu bilioni 100, inatawanya chaji. Na kuanzia omu bilioni 100, inahami. Kwa kundi hilo la kati, napendelea kitenzi kutawanya kuliko kupoteza, kwa sababu chaji haitoweki bali huenea na kuondoka polepole, na upole huo ndio unaoepusha mkondo wa ghafla unaoweza kuunguza kipuri.

Ipo sifa nyingine ambayo haipimwi kwa omu, nayo ni kiasi cha chaji ambacho plastiki hujipatia inaposuguana na kitu kingine. Plastiki inaweza kuwa na ukinzani unaofaa na bado ikachajika sana. Wapo wanaoandika isiyochajika kwa ile iliyofanya vizuri katika jaribio hili, lakini kiambishi -ik- pamoja na ukanushi hufunga mlango kabisa, ilhali matokeo hutegemea pia kitu kilichosuguana nayo. Andika inayochajika kidogo, kisha utaje kitu hicho.

Kuhusu vizio, ukinzani wa uso huandikwa kwa omu, na ukinzani mahususi wa uso, yaani ukinzani wa kipande cha uso chenye umbo la mraba, huandikwa kwa omu kwa mraba. Mraba huo ni umbo tu, uwe mkubwa au mdogo, kwa hiyo “omu kwa mita ya mraba”, ambayo wahariri wengine huiingiza wakidhani wanasahihisha, ni kosa.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kiambishi hu-. Ukiandika “plastiki hii hutawanya chaji”, umedai kwamba hufanya hivyo siku zote. Polima nyingi, yaani malighafi za plastiki, huchanganywa na viungio vinavyojitokeza juu ya uso na kuvuta unyevu wa hewani, na unyevu huo ndio unaoipa chaji njia. Hewa ikikauka, ukinzani hupanda. Ndiyo maana sampuli huwekwa kwanza kwa angalau saa 48 katika nyuzi 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 12, kisha hupimwa katika hali hiyohiyo. Kama ulipima katika unyevu wa asilimia 50 peke yake, tumia wakati uliopita na utaje sharti: “ilitawanya chaji katika unyevu wa asilimia 50”. Kwa polima iliyojazwa masizi ya kaboni ya kutosha, ambayo chembe zake hugusana na kujenga njia ya umeme ndani ya plastiki yenyewe, tatizo hilo la unyevu ni dogo sana, na hu- inaweza kuandikwa bila wasiwasi.