Shangazi, nikatwe tumbo au nivumilie?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, watoto wawili, kilo 118 na urefu wa sentimita 162. Huu ni mwaka wa sita nina kisukari, magoti yananiuma, na usiku nakoroma hadi pumzi inakatika. Nimeshajinyima chakula kwa kila namna. Napungua, kisha kilo zinarudi na nyongeza juu. Daktari amenishauri nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito. Mume wangu anasema huo ni uvivu, nifunge mdomo na nitembee. Mdogo wangu anaolewa baada ya miezi minne, nami nawaza nimdanganye mume kwamba nasafiri kikazi, nifanyiwe, nirudi kimya kimya. Naogopa kufa mezani, na naogopa kubaki hivi nilivyo. Nifanyeje? Mama Wawili.*

Marahaba, mwanangu.

Hilo la uvivu nadhani linakuuma kuliko hayo magoti, basi tulimalize kwanza. Mtu mnene akipungua, mwili wake hautulii ukashukuru. Homoni za njaa hupanda, nguvu anazotumia akiwa amekaa tu hushuka, na hali hiyo huendelea muda mrefu baada ya yeye kuacha kujinyima. Ndiyo maana kilo zako zinarudi. Upasuaji huu hupunguza ukubwa wa mfuko wa chakula, lakini pia hubadilisha hizo ishara za njaa na shibe, kazi ambayo kutembea peke yake hakuiwezi. Mume wako hajui hayo, na wengi hawayajui.

Je, unastahili? Ukigawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kipimo ambacho madaktari hukiita BMI, unapata takriban 45. Mwongozo wa Marekani wa 1991 uliweka kiwango cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha hadi 35 hata kwa asiye na maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili kama chako. Kwa hiyo daktari wako hakukurupuka.

Kuhusu kufa mezani: katika hospitali zenye uzoefu, vifo ndani ya mwezi wa kwanza ni karibu mtu 1 katika 1,000, havipitani sana na upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo. Si sifuri, na siwezi kukuambia ni sifuri. Ila kubaki ulivyo nako kuna hatari zake. Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu wanene waliopasuliwa na wenzao waliopata matibabu ya kawaida, na waliopasuliwa wameishi kwa wastani miaka kama mitatu zaidi.

Mimi naegemea upande wa kufanya. Lakini si kwa siri, na si kwa ajili ya harusi.

Harusi ni rahisi, tuimalize. Maandalizi peke yake huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi: vipimo vya damu, mtaalamu wa lishe, mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili. Huko kukatika pumzi usingizini kunatakiwa kupimwa na kutibiwa kabla hawajakupa nusukaputi. Na hata ungepasuliwa kesho, mwezi wa tatu au wa nne ndipo nywele huanza kunyonyoka kwa wengi. Hurudi, lakini si kwa tarehe ya picha. Shona gauni la kukutosha sasa, ucheze.

Siri ndiyo inayonitisha. Hatari kubwa ya siku za mwanzo ni mshono wa ndani kuvuja, na unaweza kuvuja ukiwa umeshatoka hospitali. Moyo unakwenda mbio, homa inapanda, tumbo linauma, wakati mwingine maumivu yanapanda hadi begani. Mtu wa nyumbani asiyejua umepasuliwa atakupa dawa ya homa na kukwambia ulale. Hilo linaua.

Halafu kuna meza ya chakula. Wiki za mwanzo ni vitu vya majimaji tu, kisha vilivyosagwa, kisha laini. Baadaye unakula vijiko vichache, unatafuna mpaka kiwe uji mdomoni, na maji huyanywi pamoja na chakula; unasubiri nusu saa. Ukizidisha tonge moja tu, kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, na unainuka kukimbilia sinki huku watoto wanakutazama. Utawaambia nini, mafua?

Sikutumi kuomba ruhusa. Mwili ni wako. Nakwambia umpeleke mumeo kwa daktari, amwulize mwenyewe hilo la uvivu. Na huenda ana hofu nyingine asiyoisema. Utafiti mwingine wa Sweden, uliochapishwa 2018, ulionyesha kuwa waliopasuliwa waliachana na wenzi wao zaidi kuliko wasiopasuliwa, na waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi. Haimaanishi utamwacha. Ila mwanaume anaweza kuita uvivu kitu ambacho kwake ni woga.

Sasa aina. Ya kwanza wanakata na kutoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, kinabaki kibomba chembamba. Kilichotolewa hakirudi, na kama una kiungulia huenda kikazidi. Ya pili, baipasi, wanatengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi. Hii kwa kawaida hushusha kisukari vizuri zaidi, lakini ukila kitamu unaweza kutokwa jasho, moyo kudunda na kuharisha, na pombe hupanda kichwani haraka. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo nadhani ndizo unazomeza kwa ajili ya magoti, baada ya baipasi huleta vidonda mahali palipounganishwa. Mwambie daktari unachomeza, chote, hata unachojinunulia.

Vitamini na madini ni vya maisha, pamoja na kupimwa damu. Mtu akiviacha anaishiwa damu, B12 inashuka, ganzi inaanza miguuni. Hapa ndipo ningependa ujichunguze kuliko pote: dawa za kisukari unazimeza kila siku, au unazikumbuka ukijisikia vibaya?

Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na usitegemee vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi. Wengi hushika mimba kirahisi zaidi wakishapungua.

Kwa uzito wako, tarajia kupoteza kilo 30 hivi, pengine zaidi, katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza, kisha chache zirudi. Hutakuwa mwembamba, na ngozi italegea. Sukari huanza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata kilo hazijaondoka, kwa hiyo dawa zako zitapunguzwa na daktari, usizipunguze mwenyewe.

Utasikia pia habari za sindano za kupunguza uzito. Mojawapo, semaglutidi, hupunguza wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito kwa mwaka na miezi kadhaa kwa wasio na kisukari, kwa wenye kisukari huwa pungufu ya hapo, na wanaoiacha hurudisha sehemu kubwa. Ni njia halali. Ukiona kisu kinakushinda, iulizie.

Ukienda kwa daktari wa upasuaji, mwulize anafanya wangapi kwa mwaka, na ni nani atakayekuona mwaka wa tatu. Kama kwa swali la pili atabaki kukutazama tu bila jibu, tafuta mwingine.