Mtungi wa gesi kuufanya jiko la mishikaki

Sheikh wa Wete, umeuliza kama mtungi uliokaa koki wazi mwezi mzima unaweza kutiwa grenda. Usiutie! Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na masalio yenye mafuta mle ndani huendelea kutoa mvuke. Cheche moja tu, na watoto uani, Mungu apishe mbali.

Kwanza ing'oe koki kwa spana, nje, pasipo moto. Jaza maji mpaka yafurike mdomoni, anza kukata yakiwa bado ndani, kwa msumeno wa mkono, maana grenda ya umeme haitaki maji. Rangi ikwangue kabla ya kuchomelea. Mtungi wa asitilini, ile gesi ya mafundi wa kuchomelea, usiukate kabisa, maji hayausafishi. Ndani umejaa kitu chenye vitundu kama sifongo, kilicholowa asitoni, kimiminika kinachoshika moto upesi.